Ufunguo Kwenye Kabati la Vyombo: Shajara ya Kupunguza Gari, Tabora

2 Juni

Leo nilipeleka gari kumwaga oili. Ni IST ya kawaida tu, nimeitumia mwaka wa sita sasa. Fundi alipofungua kifuniko cha kujazia oili alinionyesha upande wa ndani: ute mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda. Moyo ulinipasuka. Niliwahi kusikia kwamba ukiona hivyo gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji ya kupozea injini yasiingie kwenye oili, imekufa, na ukarabati wake si wa fedha ndogo.

Alikagua rejeta, maji yamejaa. Akachomoa kijiti cha oili, kisafi. Basi si gasketi. Ndipo akaniuliza, "Mama, gari hii huwa unaenda nayo wapi?"

"Kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, kwa mama mtaa wa Ng'ambo."

"Mbali hutoki?"

"Mara chache."

Akaeleza kwa utulivu, huku anafuta kile kifuniko na tambara. Injini ikiwa ya baridi ndani yake kuna unyevu. Ukiendesha vya kutosha inapata moto, unyevu unatoka kama mvuke. Ukiizima baada ya kilomita mbili, tatu, unyevu unabaki, unachanganyika na oili, unakuwa ute ule. Kwenye ekzosi ni hivyo hivyo: maji yanatulia ndani, bati linaoza kutoka ndani kwenda nje. Tena injini ya baridi inakula petroli zaidi, kwa sababu kompyuta yake inaimwagia mafuta mengi mpaka ishike joto. Asubuhi za Juni hapa kwetu watu wanatoka na masweta, injini nayo inachelewa kupata moto.

Nimerudi nyumbani Ipuli nikiwaza neno moja alilosema wakati naondoka: "Gari haiharibiki kwa safari ndefu, mama. Inaharibiwa na hizi za hapa na hapa."

Nimenunua daftari. Mimi ni mhasibu, kitu nisichokiandika huwa sikioni. Wiki mbili hizi sibadilishi chochote, naandika tu kila nikiwasha na kila nikizima.

17 Juni

Hesabu ya siku 14. Nimewasha gari mara 71. Kilomita 283, petroli lita 27. Hiyo ni kilomita kumi na nusu kwa lita, gari ambalo nikienda nalo Urambo kwa mume wangu linanipa 15.

Kati ya safari 71, zisizozidi kilomita tano ni 62. Kazini kwangu ni kilomita nne kutoka nyumbani, na siku nyingi narudi kula mchana, kwa hiyo njia ile ile naipita mara nne. Shule ya watoto ni kilomita moja na nusu. Nimeikuta pia safari ya mita 400, kufuata maziwa dukani, Jumamosi asubuhi. Nilitaka kuifuta kwenye daftari. Nimeiacha.

Kilichoniuma si petroli. Nilipopitia safari moja moja kujiuliza kwa nini niliwasha gari, nyingi jibu lake lilikuwa kwamba ufunguo ulikuwa pale. Unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mkono unaufikia kabla sijawaza naenda wapi.

Jioni hii nimeuhamisha. Uko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni.

24 Juni

Nimepima kwenda dukani. Kwa gari: kufungua geti, kutoa gari, kufunga geti, kwenda, kutafuta pa kuegesha pasipo na mchanga mwingi, kurudi, geti tena. Dakika 13. Kwa miguu dakika 12, na nimesalimiana na majirani watatu. Kuna bibi mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, nimeishi naye mtaa mmoja miaka sita, leo ndiyo mara ya kwanza ananiitikia shikamoo nikiwa nimesimama mbele yake. Zamani nilikuwa nampigia honi ya salamu.

Watoto tunaenda nao shule kwa miguu tangu Jumatatu. Mdogo alilalamika siku mbili. Siku ya tatu alikuta wenzake njiani, sasa ananiambia nisimshike mkono.

6 Julai

Baiskeli. Phoenix ya mtumba, ya kike, ile ambayo bomba la juu limeshuka ili mwenye gauni apande bila shida. Shilingi 145,000 kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mwembe. Mzee yule hakukubali niondoke nayo kabla hajaifungua yote. Aliitoa pedeli, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akaziosha kwa mafuta ya taa, akaziokota moja moja na kuziangalia kwenye mwanga. Mbili zilikuwa na makovu, akazitupa. Akapaka grisi, akarudisha, akaizungusha gurudumu kwa kidole na kuinamisha sikio. "Ikilia, hujamaliza," alisema. Haikulia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Sikonge. Alinifundisha kwa baiskeli yake ya kiume, ndefu kuliko mimi, nikiwa napitisha mguu chini ya bomba na mwili wote umeegemea upande mmoja, kama tulivyofanya watoto wote wa wakati ule. Nilidhani nimesahau. Mwili haukusahau. Nimezunguka mwembe mara mbili mzee akinifuata kwa nyuma, mara ya tatu akaacha kunifuata.

9 Julai

Siku ya kwanza kazini na baiskeli. Dakika 19. Kwa gari huwa dakika 11.

Mlinzi getini hakujua anipeleke wapi. Maegesho ya magari yana mistari na majina, ya baiskeli hayapo. Akaniambia niipeleke nyuma, karibu na jenereta, ambako wafanya usafi wanaweka fagio. Nikaifungia kwenye bomba la maji. Wafanya usafi wenyewe, wanne, wote wanakuja kwa baiskeli kila siku, na kila siku wamekuwa wakizilaza kwenye vumbi. Miaka yote hii sikuwahi kujua zinalazwa wapi.

Gauni lilishikwa na cheni kona ya mwisho. Nimerudi kwa mzee, amenikatia bati na kunitengenezea kasha la kufunika cheni. Ndani ya gauni navaa suruali, nikifika naikunja naiweka kwenye droo.

15 Julai

"Pole dada." "Gari limepatwa na nini?" "Umeuza?" Mwenzangu mmoja, kwa upendo kabisa, alinivuta pembeni akaniuliza kama nataka aniombee mkopo kwenye kikundi chao. Nimemshukuru. Nilipomwambia gari liko nyumbani, zima, alinyamaza, nikaona haniamini.

Nimeliwaza hili wiki nzima kwa sababu ndilo zito kuliko kilomita. Hapa kwetu gari ni ushahidi. Mtoto wa mwalimu wa Sikonge aliyekuja kuendesha gari, kila mtu anajua maana yake, na mimi mwenyewe najua, nililinunua na maana hiyo ndani yake. Akionekana tena kwenye baiskeli, watu wanasoma habari kinyumenyume. Siwezi kuwalaumu. Lakini sitaki kuendelea kulipia lita 54 kwa mwezi ili nisionewe huruma.

1 Agosti

Julai: kilomita 410, lita 36. Kwa lita moja kilomita 11.4. Zimepanda kwa sababu zile safari fupi zilizokuwa zinaila petroli zimepungua.

8 Agosti

Nane Nane, kazi hakuna. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mbili, aliomba tuende Kwihara kuona nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nimembeba kwenye keria. Vumbi jekundu, miembe mikubwa, na baada ya kilomita kadhaa mchanga ambao hakuna anayeupita bila kushuka.

Mchanga wa huku una namna yake. Ukikata kona ghafla umeanguka. Ukishika breki ya mbele umeanguka. Unalegeza mabega, unakanyaga taratibu bila kuacha, macho mbele na si chini ya gurudumu, na ukihisi linazama unashuka unakokota kabla halijakuangusha. Nilifundishwa na kijana aliyekuwa na magunia mawili ya mkaa nyuma, ambaye alitupita huku anasukuma na akasimama kutusubiri.

Pale kwenye nyumba binti aliuliza Wazungu wale walikujaje. Kwa miguu, nikamwambia, na mizigo yao ilibebwa na watu. Kabla yao Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapa, walipopaita Kaze, Novemba. Wanyamwezi walikuwa wakiitembea njia hiyo hiyo wakiwa na pembe za ndovu begani, wakaenda Bagamoyo na kurudi, na walisifika kwa hilo karne nzima ya 19 kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa kwa nini watu wanakupa pole?"

18 Agosti

Kwa mama, Ng'ambo, mara ya kwanza na baiskeli. Nilikuwa nimeahirisha kwa kuogopa maneno yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari?"

"Lipo nyumbani, mama. Nimekuja na hii."

Aliitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole kwenye mwembe wa uani. "Iegemeze pale. Baba yako yake alikuwa anaiegemeza pale pale akija kunitembelea kabla hatujaoana." Sikuwahi kulisikia hilo. Tukakaa mpaka magharibi.

Kurudi ilikuwa giza. Dainamo ya yule mzee fundi inafanya kazi vizuri: unaibonyeza inalalia tairi, inaanza kuvuma, taa inawaka kadiri unavyokanyaga. Ila ukisimama njia panda inazimika, na hapo ndipo unapohitaji kuonekana. Nimenunua taa ndogo ya betri ya nyuma, nyekundu.

27 Agosti

Nimeanguka. Bodaboda yenye abiria ilinipita kushoto, kati yangu na ukingo wa lami, usukani wake ukanigusa kiwiko. Goti limechubuka, kiganja kimechanika, kioo cha taa kimevunjika. Hakusimama. Mama anayeuza nyanya pale kando alinyanyua baiskeli kwanza, akanikalisha kwenye kreti yake, akaniosha goti kwa maji ya kunywa. Sikuwa na la kumpa, akakataa hata kusikia.

Siandiki hili kumlaumu kijana yule, anakimbizana na hesabu ya bosi wake. Naandika kwa sababu nikiwa nimekaa juu ya kile kreti nilikumbuka ni mara ngapi mimi nimempita mwendesha baiskeli kwa namna hiyo hiyo, honi nyuma ya kisogo, kioo cha pembeni kikikaribia bega lake, halafu nikaona yeye ndiye anayeyumba. Anayumba kwa sababu kuna shimo ambalo mimi nikiwa kwenye siti silioni. Anayumba kwa sababu lori la tumbaku linapopita upepo wake unakusukuma, halafu unakuvuta.

1 Septemba

Agosti: kilomita 245, lita 20.

Baiskeli ilipokuwa kwa fundi nimeendesha gari siku nne, na nimejiwekea masharti mapya ya usukani.

Mjini 50, ndiyo sheria, na nikiwa karibu na watu wa miguu chini ya hapo. Nampita mwenye baiskeli nikiwa nimemwachia nafasi ya mtu mzima aliyenyoosha mikono yote miwili. Kama nafasi hiyo haipo, nakaa nyuma yake mpaka ipatikane. Sipigi honi nikiwa kisogoni. Nimehesabu leo: kukaa nyuma ya mzee mwenye madumu ya maji kulinichelewesha sekunde 40.

Upepo wa tairi nimeuangalia kwa mara ya kwanza mwaka huu. Karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva inakuambia kiasi. Mbili za nyuma zilikuwa chini sana, na tairi laini ni kama baiskeli kwenye mchanga, inavutwa nyuma.

Kuna hili la kuweka nyutro kwenye mteremko ili "kuokoa mafuta", nimelifanya tangu nijifunze gari. Nimemuuliza fundi. Amesema niache leo leo. Injini hizi za kisasa ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, zinakata petroli kabisa kwa muda ule. Ukiweka nyutro inabidi zichome kidogo ili zisizimike. Na ukiwa nyutro huna msaada wa injini kupunguza mwendo, umebaki na breki peke yake. Kwa hiyo ninachofanya sasa ni kuachia mafuta mapema. Nikiona mbele kuna tuta au ng'ombe, mguu unatoka mita mia kabla, gari linajipunguza lenyewe. Nikimsubiri mtu nazima injini.

19 Septemba

Saa nane usiku simu ya mama. Sauti haikuwa yake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo, sahani ya wageni ikaanguka ikavunjika, nikawasha gari. Dakika 11 mpaka Ng'ambo, nikambeba na jirani yake mpaka kwenye siti ya nyuma, hospitali. Presha. Alfajiri walisema imeshuka, tumshukuru Mungu.

Nimekaa kwenye benchi la nje nikilitazama gari, na nikaona sina ugomvi nalo. Hii ndiyo kazi niliyolinunulia. Lakini mshale wa mafuta ulikuwa umelalia robo, kwa sababu siku hizi sijali kujaza, na usiku ule hakuna kituo kilichokuwa wazi njiani. Sharti jipya: halishuki nusu tenki. Na kila Jumapili linatembea kilomita ishirini bila kusimama, lipate moto kamili, betri ijae.

2 Oktoba

Septemba: kilomita 187, lita 14. Kilomita 13.4 kwa lita, ndani ya mji. Lita arobaini zimepungua ukilinganisha na nilikoanza. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa hewa ya ukaa kilo 2.3 hivi, nzito kuliko petroli yenyewe kwa sababu kaboni yake inajishika na oksijeni ya hewani. Kwa mwezi mmoja ni zaidi ya kilo 90 ambazo sikuzitoa. Fedha iliyobaki sikuiacha ielee: nusu imeingia kwenye dawa za mama, nusu ipo benki.

Urambo nilikwenda kwa basi mara mbili. Treni ya Kigoma inapita Urambo lakini si kila siku, haikuendana na Ijumaa zangu. Kwenye basi nimelala njia nzima. Mume wangu alinipokea stendi akaniambia sijawahi kufika kwake bila kuumwa kichwa.

21 Oktoba

Joto la Oktoba ni kali. Natoka nyumbani saa 12 na nusu, jua halijashika. Mchana sirudi tena, nabeba chakula. Safari nne zimekuwa mbili kwa hotpoti moja, na sijui kwa nini ilinichukua miezi mitano kuliona.

Ofisini niliandika barua ya ukurasa mmoja nikiomba bomba la chuma la kufungia baiskeli, lenye paa la bati, na nikataja kwamba wanaolihitaji ni watu watano, wanne kati yao wamelihitaji kwa miaka. Imepita. Limesimikwa Ijumaa, upande wa mbele, karibu na geti. Mmoja wa wale akina mama wa usafi alinyunyizia maji saruji siku tatu mfululizo isipasuke.

20 Novemba

Mvua. Barabara yetu ya ndani imegeuka kijito, na kule mbugani tope linanata kwenye madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Nimekokota zaidi ya nilivyopanda. Oktoba ilikuwa kilomita 204, Novemba inaelekea kuvuka 260 na sitajilazimisha. Asubuhi ikiwa na mvua kubwa natoa gari, tunajaza siti: wanangu, watoto wawili wa jirani, na yule mwenzangu aliyetaka kuniombea mkopo, ambaye nyumba yake iko njiani. Yeye gari lake anaacha. Wiki ijayo ni zamu yake.

14 Desemba

Miembe imezaa kupita kiasi mwaka huu, ukipita asubuhi baada ya upepo unakwepa maembe kama unavyokwepa mashimo.

Nimempeleka binti kwa mzee. Alikuwa ameweka kando baiskeli ndogo, rangi imechubuka lakini rimu zimenyooka, shilingi 90,000. Akashusha kiti mpaka mwisho, akamwambia apande, aweke miguu yote miwili chini. Vidole tu ndivyo vilivyogusa. "Atarefuka," mzee akasema, akakaza nati.

Kaka yake anataka ya kwake pia, nimemwambia asubiri. Tuna wiki nne kabla ya shule kufunguliwa. Tutaanza na mtaa wa nyuma, ambako malori hayapiti, saa 12 asubuhi, mimi mbele na yeye nyuma, kisha yeye mbele.